Hawakuwa na Digrii, Lakini Walikuwa na Ushahidi

Kila mara matokeo ya KCSE yakitangazwa, simu za Wakenya hujaa ujumbe wa aina mbili. Wa kwanza ni wa hongera kwa waliopita. Wa pili ni wa kuwafariji wengine: usijali, Bill Gates mwenyewe hakumaliza chuo. Huu wa pili hutumwa kwa grupu za familia, za chama na za kanisa, na mara nyingi anayeutuma ni mzazi ambaye bado anatafuta karo ya mtoto anayefuata.

Si ujumbe mbaya. Katika KCSE ya 2024 watahiniwa walikuwa karibu 962,000. Waliopata C+ kwenda juu, ambayo ndiyo alama ya kuingia chuo kikuu moja kwa moja, walikuwa kama 246,000. Yaani watatu kati ya kila wanne hawakufika hapo. Hao ni vijana wengi mno kuambiwa kwamba maisha yao yameisha kabla hata hawajachukua kitambulisho.

Lakini ule ujumbe una shida. Unamwambia kijana kwamba matajiri fulani hawakuwa na digrii, halafu unanyamaza. Haumwambii walikuwa na nini badala yake. Na hapo ndipo kwenye maneno.

Niseme wazi kabla hatujaendelea: mimi nina digrii, nilisomea masoko. Unaweza kusema ni rahisi kwangu kuongea, na sitabishana nawe. Lakini kazi yangu hapa ni kuongea na wateja, na kuna swali moja ambalo hurudi kila wiki kwa maneno tofauti: "Kazi ninayo, wateja ninao, mbona nikiomba mkopo ama tenda naonekana kama mtu asiyefanya chochote?" Swali hilo na ujumbe wa Gates ni kitu kimoja ukiangalia vizuri.

Maoni yangu ni haya. Wahandisi na wafanyabiashara waliofaulu bila digrii walitengeneza ushahidi mwingine wa kazi yao, ushahidi ambao mtu asiyewajua kabisa angeweza kuushika mkononi na kuukagua. Mafundi wetu wengi kazi wanaijua. Kinachowakwamisha ni kukosa huo ushahidi.

Digrii inafanya kazi gani hasa?

Digrii inafanya mambo mawili. La kwanza, inakufundisha. La pili, inakusemea pale ambapo wewe haupo. Meneja anayepitia barua mia mbili za kuomba kazi hajui hata mmoja wenu. Cheti kinamwambia: huyu kuna watu walimpima kwa miaka minne, wakaridhika.

Kujifunza unaweza kujifunzia kwingine: gereji, jikoni, kwa intaneti, kwa mjomba. Lile la pili ndilo gumu. Nani atakusemea?

Sasa twende kwa Gates. Ni kweli aliacha Harvard mwaka 1975. Lakini alianza kuandika programu za kompyuta mwaka 1968 akiwa na miaka 13, kwa sababu shule yake ya Lakeside kule Seattle ilikuwa na mashine iliyounganishwa na kompyuta. Wakati huo hata vyuo vikuu vingi duniani havikuwa na kitu kama hicho kwa wanafunzi. Alipoacha chuo alikuwa na miaka saba ya mazoezi, na yeye na rafiki yake Paul Allen walikuwa na programu inayofanya kazi na kampuni iliyotaka kuinunua. Huyo hakutoka chuoni mikono mitupu. Ukimpa kijana wa Kayole mfano wa Gates bila kumwambia hayo, umempa hadithi nusu.

Mimi napenda mifano miwili mingine, kwa sababu hao walianza chini kabisa.

Faraday na kitabu chake

Michael Faraday alizaliwa mwaka 1791, baba yake akiwa mhunzi. Akiwa na miaka 14 aliwekwa kwa mtu wa kujalidi vitabu hapo London, na akakaa miaka saba akijifunza kazi hiyo. Vitabu vilivyoletwa kujalidiwa alikuwa anavisoma. Mwaka 1812 mteja mmoja wa duka akampa tiketi za kusikiliza mihadhara ya Humphry Davy, mwanakemia aliyekuwa na jina kubwa sana Uingereza.

Wengi wangetoka pale wakisema somo lilikuwa tamu, basi. Faraday aliandika kila kitu, akachora vifaa, akapanga kurasa karibu 300, akazijalidi kuwa kitabu kwa mikono yake mwenyewe, akamtumia Davy. Kile kitabu kilimsemea mambo mengi kwa mpigo: huyu anasikiliza, anaelewa, ni nadhifu, na kazi ya mikono anaiweza. Mwaka 1813 nafasi ya msaidizi wa maabara ilipopatikana, Davy alimwita.

Mwaka 1831 Faraday huyo huyo alionyesha kwamba sumaku ikisogezwa karibu na waya inaweza kuzalisha umeme. Mitambo inayozalisha umeme kule Olkaria na kwenye mabwawa ya Seven Forks, umeme ambao huenda umechaji simu unayosomea makala haya, inatumia kanuni hiyo mpaka leo. Na tabia ya kuandika hakuiacha. Shajara yake ya maabara ina vifungu zaidi ya 16,000 alivyovipa nambari kimoja kimoja.

Tusifiche upande wa pili. Hesabu ngumu zilimshinda. Aliyekuja kuyaweka mawazo yake katika hesabu ni James Clerk Maxwell, msomi wa Cambridge. Kwa hiyo asije mtu akakuambia Faraday alithibitisha kwamba chuo hakina maana. Faraday alihitaji mtu wa chuo, na mtu wa chuo alimhitaji Faraday.

Honda na ringi zilizokataliwa

Soichiro Honda, mtoto wa mhunzi pia, aliondoka kijijini Japani mwaka 1922 kwenda kufanya kazi gereji Tokyo akiwa na miaka 15. Mwanzoni hakupewa hata spana. Alipewa mtoto wa bosi amlee na sakafu afagie. Baadaye akawa fundi hodari, akafungua gereji yake, na mwaka 1937 hivi akaingia katika kutengeneza ringi za pistoni.

Alipopeleka ringi 50 kwa Toyota zikaguliwe, zilizopita zilikuwa 3. Tatu! Zaidi ya arobaini zilirudishwa.

Na kuna jambo ambalo wengi hulisahau. Hata kabla ya ukaguzi huo, ringi zake za mwanzo ziliposhindwa, alirudi darasani. Alijiunga na chuo cha ufundi cha Hamamatsu kujifunza tabia za vyuma, akawa anaketi na vijana wadogo kuliko yeye. Mitihani hakuifanya, na cheti hakupewa. Lakini alitoka na alichokitaka: sababu ya ringi zake kushindwa. Toyota walipozikataa aliendelea kurekebisha, na hatimaye wakanunua. Kampuni ya Honda ilianzishwa mwaka 1948. Mwaka uliofuata alimpata Takeo Fujisawa, akamwachia mambo yote ya pesa na mauzo, kwa sababu yeye mwenyewe alijua ni fundi tu.

Kwa hiyo Honda hakudharau masomo. Kilichomsemea badala ya cheti ni ringi ambayo mkaguzi asiyemjua aliipima akakuta imetimia.

Na hapa nyumbani

Marehemu Njenga Karume alianza kwa kuuza makaa. Pesa za makaa hazikuishia tumboni tu. Alijilipia kozi ya biashara pale Jeanes School, Kabete, mahali ambapo leo ni Kenya School of Government. Baadaye akawa msambazaji mkubwa wa bia, mwenye hoteli, na hatimaye waziri wa ulinzi. Digrii hakuwa nayo. Lakini kijana muuza makaa aliyetoa pesa zake mwenyewe kwenda kusomea biashara hakuwa anabahatisha.

Hao watatu, Faraday, Honda na Karume, wanafanana katika jambo moja. Hakuna aliyesema "mimi najua kazi yangu, atakayetaka aniamini." Kila mmoja alitafuta njia ya kujifunza alichokosa.

Kuna mahali digrii haina mbadala

Kabla hatujaenda mbali, ukweli usemwe. Daktari wa upasuaji lazima asome. Vile vile anayetia sahihi michoro ya ghorofa sita. Sheria yetu ya wahandisi ya mwaka 2011 hairuhusu mtu yeyote tu kujiita mhandisi. Ni lazima asajiliwe na bodi, na kusajiliwa kunaanza na digrii inayotambuliwa. Naiunga mkono sheria hiyo. Nyumba ikianguka, wanaofukiwa hawakupewa nafasi ya kukagua vyeti vya mtu.

Kwa hiyo kama mtoto wako amepata alama na anataka uhandisi, tafadhali msimsomee ile meseji ya Gates. Tafuteni karo.

Lakini fundi wa kuchomelea vyuma, wa kushona, wa friji, wa simu, wa mabomba, muuza nguo za mitumba Gikomba, mama wa samaki Kisumu, hao hawahitaji digrii ili kazi yao iwe kazi. Na ndio wengi. Kwa hesabu za KNBS, zaidi ya asilimia 80 ya ajira nchini, ukiacha kilimo kidogo, iko katika sekta isiyo rasmi, hiyo tunayoiita jua kali. Watu hao ndio niliokuwa nikiwafikiria tangu mwanzo.

Pesa inayopita bila kuacha alama

Chukua fundi wa kuchomelea pale Kariobangi. Tuseme geti moja anatengeneza kwa shilingi 35,000. Mteja anampa 20,000 taslimu za kuanzia kazi, naye anazipeleka moja kwa moja kwa duka la vyuma. Geti likiisha, mteja anamtumia 15,000 zilizobaki kwa simu. Akitengeneza mageti 24 kwa mwaka, mauzo yake ni 840,000. Lakini zilizoonekana kwenye simu ni 360,000 tu. Na hizo pia zimechanganyika na pesa ya shemeji, mchango wa harusi na karo.

Siku akienda kuomba mkopo wa mashine ya kukunja vyuma, anayemkagua haoni mageti 24. Anaona mtu wa 360,000 zilizovurugika. Anamkatalia, ama anampa kidogo kwa riba kubwa. Fundi anarudi nyumbani akisema, "Ni kwa sababu sikusoma."

Hapana. Ni kwa sababu zaidi ya nusu ya kazi yake haikuandikwa popote.

Tangu mwaka 2012, huduma za akiba na mikopo kwa simu zilipoanza kushika hapa Kenya, wakopeshaji wengi hawaulizi tena ulisoma wapi. Wanaangalia pesa inavyoingia na kutoka, na kama ulilipa mkopo uliopita kwa wakati. Kwa mtu asiye na digrii wala barua ya mshahara, hiyo ni nafasi ambayo baba zetu hawakuwa nayo. Lakini mashine inasoma kile kilichopo tu. Ile 20,000 ya mkononi haiioni.

Najua pingamizi mbili zinazokuja. Ya kwanza ni ada. Ndiyo, kulipwa kwa simu kuna gharama, na kampuni kama yetu ndizo zinazotoza. Kwa hiyo usiniamini hivi hivi, piga hesabu mwenyewe: jumlisha ada za mwaka, kisha linganisha na riba unayolipa kwa yule mkopeshaji wa mtaani kwa sababu hakuna mwingine anayekukubali.

Ya pili ni KRA. Wengi huogopa kwamba rekodi ikionekana, ushuru utakuja. Tangu Julai 2023 ushuru wa mauzo ni asilimia 3, na unahusu biashara zenye mauzo ya zaidi ya shilingi milioni 1 hadi milioni 25 kwa mwaka. Fundi wetu wa 840,000 hajafika huko. Na siku akifika, kusema kweli, atakuwa anahitaji vitabu vyake zaidi ya mtu yeyote.

Anza na haya

Si lazima uyafanye yote leo. Moja kwa wiki inatosha.

Tenga pesa ya kazi na ya nyumba. Chukua namba ya till ama laini tofauti ya biashara. Mchango wa harusi usipitie huko.

Omba malipo ya kuanzia yapitie hapo pia. Mteja akitaka kukupa taslimu, mwelekeze: "Nitumie kwa till, hata wewe utabaki na ushahidi." Wengi hukubali, kwa sababu ni kweli.

Andika. Daftari la shilingi hamsini linatosha: tarehe, jina la kazi, bei, ulicholipwa, ulichonunua. Faraday alianza na karatasi na wino tu.

Piga picha kazi kabla na baada. Ziweke kwa mpangilio, zisichanganyike na picha za sherehe. Mteja mpya hakujui, lakini macho anayo.

Chukua taarifa ya miamala yako kila baada ya miezi mitatu, ile tunayoiita stetimenti, uisome kabla mkopeshaji hajaisoma. Utaona mwezi upi ulilegea na mteja gani bado anakudai subira.

Fanya mtihani wa ufundi. NITA hupima mafundi kwa gredi tatu, unaanzia gredi ya III unapanda hadi ya I. Hawakuulizi ulipata nini KCSE. Wanataka kuona unavyofanya kazi. Pia kuna mpango wa serikali wa kutambua ujuzi ulioupata kazini, unaosimamiwa na KNQA. Kama umeshona nguo miaka kumi na tano bila cheti, huo umetengenezwa kwa ajili yako. Rekodi ya pesa inaonyesha kwamba unauza, lakini haionyeshi kama mshono wako unashika. Kwa hilo unahitaji mpimaji.

Na hapa naomba uwe macho. Penye haja ya vyeti hawakosi matapeli. Ukipata ujumbe kwamba cheti kiko tayari, utume pesa kidogo kwa nambari ya mtu binafsi, usitume. Ada za huduma za serikali hulipwa kupitia eCitizen. Kabla ya kuweka nambari yako ya siri, soma jina linalotokea kwenye skrini. Kama silo la taasisi unayoijua, acha hapo. Na hiyo nambari ya siri usimpe mtu yeyote, hata akisema anapiga kutoka kwetu.

Neno kwa wanaotoa kazi na mikopo

Nikimwambia fundi aweke rekodi na ninyi mkakataa kuisoma, nitakuwa nimemdanganya. Bado kuna matangazo ya kazi yanayotaka digrii kwa mtu wa kupokea mizigo stoo. Kuna ofisi ambapo fundi mwenye gredi ya I na picha za kazi mia moja huambiwa alete cheti cha kidato cha nne kwanza. Hilo halipimi kazi. Ni njia rahisi ya kupunguza foleni, na wanaopunguzwa ni wale wale ambao tayari maisha yaliwapunguza kwa sababu ya karo.

Toyota hawakumuuliza Honda cheti. Walipima ringi. Walikuwa wakali, walikataa 47 kati ya 50, na ukali huo ulimsaidia kuliko huruma. Hivyo ndivyo ningependa mafundi wetu watendewe: wakaguliwe kazi yao bila kupendelewa, na ikipita, ikubaliwe.

Kwa hiyo mwakani, matokeo yakitoka na mkono wako ukawa tayari kutuma ule ujumbe wa Gates, ongeza mstari mmoja. Mwambie huyo mtoto kwamba anaweza kufika bila digrii, lakini hafiki bila kujifunza na bila kuweka rekodi. Kisha mnunulie daftari.